Baiskeli ya kuazima, laki tatu mfukoni: nitumie wapi kabla ya kushuka njia za Sipi?

MwalimuSebei ameuliza:

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Kapchorwa, Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Nimekuwa nikisoma mijadala yenu kimya kimya, leo nina jambo.

Mjomba wangu ana baiskeli ya milimani aliyoachiwa na mgeni mmoja aliyefanya kazi huku zamani. Magurudumu ya inchi 26, gia 21, breki ni zile za raba zinazobana ringi kwa mikono miwili mirefu. Shokapu za mbele zimekwama, ukizikandamiza haziendi popote. Imekaa stoo muda mrefu na matairi yamepasukapasuka kama udongo wa kiangazi. Mjomba amenipa niitumie likizo yote, Desemba na Januari.

Nia yangu ni njia za miguu zinazokatiza mashamba ya kahawa na migomba, kutoka huku juu hadi Sipi, na nikishazoea nishuke hadi tambarare za Bulambuli. Mlima huu umewatoa Kiprotich na Cheptegei, kila mtu anaujua kwa mbio. Goti langu la kulia limekataa kukimbia, lakini kwenye baiskeli haliniumi kabisa. Sitaki kuishi hapa miaka yote nikiutazama mlima kwa dirisha la darasa.

Nina laki tatu za Uganda. Hadi mshahara mwingine uingie, hiyo ndiyo yote, na ndani yake lazima nipate pia kofia ya kichwani.

Sasa mambo yaliyonishinda. Fundi wa hapa jirani alikuwa na tairi iliyoandikwa 26, na ya mjomba pia imeandikwa 26. Ilivaa kirahisi mno. Alipojaza upepo ikachomoka upande mmoja, tyubu ikapasuka kwa kishindo. Kwa nini, na namba ni ile ile?

Pili, mwalimu mwenzangu wa hesabu anataka twende pamoja. Yeye ana Hero nyeusi ya baba yake, ile ya breki za fito, imara kweli. Je, inafaa kwa miteremko hii?

Tatu, jirani yangu wa boda amejitolea kuniazima helmeti yake ya pikipiki. Niichukue nipunguze gharama?

Na mwisho, baiskeli hii mtaani wanaiita chuma chakavu. Je, kuna mtu humu anapanda milima kwa vitu vya namna hii, au huu ni mchezo wa wenye pesa?

MpandaMuyenga amejibu:

Mwalimu, ushauri wangu ni mfupi. Hizo laki tatu ziweke, subiri, ongeza, kisha uje Kampala ununue yako mpya. Zipo zenye shokapu mbele na nyuma, breki za diski, rangi inang'aa, na bei yake haitishi. Ukitengeneza mali ya mjomba, likizo ikiisha unarudisha baiskeli na pesa zako zimekwenda nayo. Wahenga walishasema, nguo ya kuazima haisitiri matako.

FundiMbale amejibu:

Mwalimu, usiinunue hiyo mpya. Namheshimu ndugu wa Muyenga, lakini baiskeli anazozisema zinaletwa kwenye meza yangu kila wiki, na wenye nazo wanaumia moyo. Shokapu ya nyuma ni springi tupu, inadunda kila ukikanyaga pedali, kwa hiyo nusu ya nguvu yako ya kupanda mlima inaishia pale. Diski ni bati jembamba linalopinda. Uzito wake utakufanya ushuke na kusukuma mahali ambapo ile ya mjomba ingepanda. Kwa bei hiyo, mtengenezaji hana pa kupunguza ila kwenye vile vitu ambavyo jicho la mnunuzi halivioni: beringi, ekseli, nyaya, ubora wa chuma.

Mimi nilianza kazi hii wakati boda za Mbale zilikuwa baiskeli, kabla pikipiki hazijachukua abiria wote. Baiskeli iliyobeba watu wazima wawili na gunia la mahindi kutwa nzima inakufundisha nini kinavunjika na nini kinadumu. Ile ya mjomba bado sijaiona, lakini maelezo yako yananipa matumaini.

Nianze na tairi, maana hapo watu wengi wanapoteza pesa. Namba 26 haitoshi. Angalia ubavuni mwa tairi, kuna namba mbili zenye kistari katikati, zimechongwa ndogo. Baiskeli za milimani za zamani zina namba inayoishia na 559. Hicho ni kipenyo, kwa milimita, cha mahali tairi inapokaa kwenye ringi. Namba ya kwanza ni unene, kwa hiyo 50-559 ni tairi ya milimita 50 inayokaa kwenye ringi ya 559. Ile ya fundi wenu naamini imeandikwa inchi 26 kwa 1 3/8, yenye sehemu. Hizo ni za baiskeli za mjini, nyingi zinaingia na mitumba kutoka Japani, na kipenyo chake ni 590. Tofauti ni milimita 31, ndiyo maana ilivaa kirahisi na upepo ukaitoa. Kumbuka hivi ukiwa dukani: 26 yenye nukta, kama 1.95 au 2.10, ndiyo yako. 26 yenye sehemu, kama 1 3/8, muachie mwenye nayo. Na hata muuzaji akikuapia kwamba zote ni sawa, wewe soma namba yenye kistari.

Inchi 26 ndiyo ilikuwa saizi ya kawaida ya baiskeli za milimani kwa miongo mingi, hadi zile za 29 na 27.5 zilipoichukua nafasi miaka ya 2010. Kwa hiyo huko Ulaya watu wanaziacha, na huku kwetu zinakuja. Kwa mtu wa laki tatu hiyo ni neema. Matairi, tyubu na ringi za 559 zinapatikana Mbale, Jinja, na hata kwenye maduka ya vipuri ya vijijini.

Sasa breki. Ukiniuliza laki tatu zianzie wapi, zianzie hapa, kabla hujagusa gia au shokapu. Toa raba zote nne. Kama mifereji yake imeisha, au imekuwa migumu hadi ukucha hauzami, nunua mpya. Badilisha na nyaya, maana waya uliokaa stoo umeshika kutu ndani ya ganda lake, mahali usipoona. Kisha futa ringi kwa maji ya sabuni hadi kitambaa kitoke safi. Ukifunga, bana breki ya mbele na usukume baiskeli mbele: gurudumu la nyuma linyanyuke. Bana ya nyuma: gurudumu liburuzike, lisizunguke. Mkono wa breki usifike hata nusu ya safari kwenda kwenye usukani. Kama haifanyi hivyo ikiwa imesimama uani, haitafanya kwenye mteremko.

Jambo moja zaidi kwenye ringi, na nakuomba sana usilipite. Pitisha ukucha pale raba zinapobana. Pawe bapa. Ukihisi bonde, ringi imeliwa na raba miaka mingi na ukuta wake umebaki mwembamba. Ringi ya namna hiyo inaweza kufunguka kwa nguvu ya upepo wa tairi peke yake, nawe uko kwenye mwendo.

Fremu: chukua sumaku. Ikinata ni chuma, na chuma kikipata ufa fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kukiokoa. Isiponata ni aluminiamu, na hiyo usimpe fundi wa mageti aichomelee, kwa sababu moto unaua ugumu wake pembeni mwa kiungio hata kama kwa macho kazi ni safi. Osha pale mabomba mawili ya mbele yanapokutana chini ya usukani, na pale bomba la tandiko linapoungana na mengine. Tafuta mstari mwembamba wa kutu uliopenya kwenye rangi. Mkwaruzo hauna neno. Mstari unaozunguka bomba una neno.

Mnyororo unapimwa kwa rula ya shule. Weka sifuri katikati ya pini moja, soma kwenye inchi 12. Mnyororo mpya una pini hapo hapo kamili. Ukikuta pini imesogea 1/16 ya inchi kupita hapo, badilisha mnyororo peke yake. Ukikuta imesogea 1/8, meno ya nyuma yamekwisha kuliwa pamoja nao. Hapo mnyororo mpya peke yake utaruka kwenye meno yaliyochakaa kila ukikanyaga kwa nguvu, kwa hiyo utakuwa umenunua tatizo. Ukiwa umefika hapo lakini huo wa zamani hauruki, usafishe, upake oili, futa inayobaki nje, na uutumie hivyo hivyo likizo yote. Pesa yako ina kazi nyingine.

Shokapu zilizokwama ziache zilivyo. Uma, yaani hayo mabomba ya shokapu yanayoshika gurudumu la mbele, usiocheza ni salama kuliko unaogonga. Ila bana breki ya mbele na uisukume baiskeli mbele na nyuma: ukisikia "ko ko" mikononi, gololi za shingo zimelegea au mabomba ya shokapu yamelika ndani. Gololi zinakazwa na kupakwa grisi. Mabomba yaliyolika, niambie kwanza.

Hero ya mwalimu wa hesabu ni baiskeli ya heshima na sitaki mtu aidharau, lakini isishuke Sipi. Breki za fito zinabana ringi ya chuma yenye kromu, na ringi hiyo ikilowa, hata kwa umande, raba zinateleza tu. Tena tairi zake ni za 635, nyembamba, na usukani wake umetengenezwa kwa mtu aliyeketi wima barabarani. Kwenye marumu ya tambarare, kutoka shuleni hadi sokoni, nitaisifu. Huko juu mpeane zamu kwenye ile ya mjomba.

MpandaMuyenga amejibu:

Fundi, nimekuelewa kuhusu ubora na sibishani na mtu wa mezani. Lakini hoja yangu haijajibiwa. Raba, nyaya, matairi, vyote vinabaki kwa mjomba. Mwalimu ana familia.

FundiMbale amejibu:

Hoja ni ya haki. Mwalimu, igawe pesa kwa kutazama nini kinafunguka. Matairi, tyubu, pampu, helmeti, hata raba za breki, vyote hivyo siku ya kurudisha baiskeli unabaki navyo, na vitakufaa kwenye baiskeli nyingine ya 26 ya milimani yenye breki kama hizi utakayopata baadaye. Tunza matairi ya zamani ya mjomba uyarudishe yalivyokuwa, kama ataafiki. Kinachobaki kwake ni nyaya, oili na grisi, na hayo ni malipo madogo kwa likizo nzima. Usitie pesa yako kwenye kitu kisichofunguka: rangi, kuchomelea, shokapu mpya, gia. Hivyo ni vya mwenye mali kuamua.

DadaWanale amejibu:

Mwalimu karibu. Mimi ni muuguzi, naishi Mbale, na ninapanda mlima wa Wanale kwa baiskeli ya kaka yangu ambayo ni ya zamani kuliko yako. Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho ni ndiyo, tupo.

Hao wanaokuambia chuma chakavu waambie mchezo huu ulizaliwa kwenye chuma chakavu. Miaka ya 1970, huko Marin, California, vijana walichukua baiskeli nzito za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, za watoto kupelekea magazeti, wakazishusha njia za milimani. Mbio zao za kwanza kwenye mteremko walioupa jina Repack zilikuwa tarehe 21 Oktoba 1976. Baiskeli hizo zilikuwa na breki ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ile ya kukanyaga pedali kinyumenyume, na kwa mteremko mmoja tu grisi yote iliungua ikatoka kama moshi. Wakifika chini wanafungua kitovu na kujaza grisi upya, ndipo likaja jina. Baiskeli ya kwanza iliyotengenezwa makusudi kwa kazi hiyo, Joe Breeze aliiunda mwaka uliofuata. Nimeyaleta haya kwa sababu ya Hero pia: hata hao mashujaa, kitu cha kwanza kilichowashinda ni breki.

Na breki za raba nazo zina mpaka wake. Ile lami ya kushuka kutoka Kapchorwa ni ndefu na inavutia. Ukiibana breki mfululizo, ringi inachemka, na joto linakwenda kwenye tyubu. Bana kwa nguvu kwa muda mfupi, achia, bana tena, mbele na nyuma kwa pamoja. Simama kwenye kona zenye nafasi, nywa maji, angalia bonde. Usiiguse ringi kwa kidole ukisimama, inaunguza.

Helmeti ya boda: mshukuru jirani, uiache. Kichwa kitaiva ndani yake kwenye mpando, nawe utaivua na kuitundika kwenye usukani, halafu utasahau kuivaa mteremko ukianza. Nimewashona watu wazima vichwa wakiwa na helmeti mkononi. Nunua ya baiskeli, mpya, hata ya bei ya chini, mradi ndani ina karatasi yenye alama ya EN 1078 ya Ulaya au CPSC ya Marekani. Ile povu nyeupe ndani hufanya kazi mara moja tu: ikipokea pigo inabonyea, haipokei la pili. Ndiyo maana kitu kimoja ambacho sikiazimi wala simwazimi mtu ni helmeti. Baiskeli ikigongwa unaona. Helmeti inaweza kuwa imekufa na nje iko safi.

Tandiko nalo. Baiskeli ya mjomba imepangwa kwa urefu wa mgeni wake. Keti, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya mguu goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo goti lako la kulia litakushukuru. Usilivute bomba la tandiko kupita ule mstari uliochongwa juu yake, hata kama wewe ni mrefu, litapasua fremu ya watu. Kabla ya mteremko mkali lishushe, nyanyuka, sogea nyuma.

Upepo: ukiwa na kilo kama 65 au 70 na tairi nene ya tyubu, kati ya psi 30 na 40 inatosha kwa njia za miguu. Wengi wanajaza hadi tairi inakuwa jiwe, kisha wanashangaa baiskeli inaruka kila kokoto. Ukipunguza mno nako, ringi inaibana tyubu kwenye jiwe na unakuta matundu mawili yamekaa sambamba. Ukiona mawili ya hivyo, usitafute mwiba, ongeza upepo. Kama vali zako ni nene kama za gari, pampu ya kituo cha mafuta inaingia, lakini bonyeza kwa sekunde moja moja. Ile mashine imezoea malori.

Desemba na Januari mvua ni chache, umechagua vizuri. Udongo mwekundu wa mlima huu ukilowa ni sabuni, na Aprili na Mei mimi sipandi njia za miguu kabisa, nabaki kwenye marumu. Kiangazi shida yake ni vumbi lililolala juu ya udongo mgumu, hasa kwenye kona. Punguza mwendo kabla ya kona, usibane ndani yake.

Na hizi ni njia za watu, kwa hiyo adabu. Ni msimu wa kahawa. Utakuta imeanikwa kwenye maturubai hadi ukingoni mwa njia, na punda wanashuka na magunia. Punda ana haki ya njia. Shuka, simama upande wa juu, salimia, mwache apite. Kengele usiipige nyuma yake, akishtuka gunia linakwenda bondeni na hiyo ni ada ya shule ya mtoto wa mtu. Ukitaka kuingia ndani ya hifadhi ya Mlima Elgon, upande wa Kapkwai, pita kwanza kwa watu wa UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, uulize kuhusu ruhusa na malipo.

La mwisho, zungumza na mjomba kabla hujaipakia. Kikivunjika kitu, nani analipa? Je, unaruhusiwa kumpa mwalimu wa hesabu? Mimi na kaka tulikubaliana hivi: kinachochakaa kwa kutumika ni changu, kilichokuwa kimechakaa tangu mwanzo ni chake, na nikianguka ni juu yangu. Hatujawahi kununiana.

MwalimuSebei amejibu:

Nimewasoma wote mara mbili. Asanteni kwa moyo huu.

Nimekagua jioni hii, mwalimu wa hesabu akinishikia tochi. Tairi ya mjomba imeandikwa 50-559. Nimekwenda hadi kwa fundi jirani kutazama ile yake: 37-590, kama ulivyosema, fundi. Naye hakuwa akijua, sasa ameandika namba zote mbili ukutani kwa chaki. Sumaku imenata kila mahali. Ufa sijauona. Mnyororo umepita 1/16 kidogo tu, haujafika 1/8. Ukibana breki ya mbele na kusukuma, kimya.

Lakini ringi ya nyuma ukucha unazama. Ya mbele ni bapa, ya nyuma ina bonde pande zote mbili. Nimemwonyesha mjomba na mwanga wa tochi, akapitisha kidole mwenyewe. Nikamweleza lile la kilichochakaa tangu mwanzo, nikimpa heshima yake. Akanyamaza, kisha akasema ringi ni yake na atailipa kahawa ikiuzwa, na kwamba mwalimu wa hesabu anaruhusiwa ila asibebe mtu nyuma.

Shida ni kwamba kahawa itauzwa baadaye na likizo inaanza sasa. Fundi, kuna namna ya kuipanda hivi hivi polepole, au kufunga breki ya mbele peke yake?

FundiMbale amejibu:

Hapana, na hapana. Ringi hiyo isijazwe upepo tena. Na mlima haushukwi kwa breki moja, waya ukikatika umebaki na viatu.

Fanya hivi. Usilete baiskeli nzima, utalipishwa mzigo. Fungua gurudumu la nyuma peke yake, toa tairi na tyubu, lipande taksi ya asubuhi kuja Mbale na uniletee mezani. Hesabu matundu ya spoku kabla hujaja, kama ni 32 au 36, uniandikie hapa, kwa sababu ninazo ringi za aluminiamu za 559 zilizotoka kwenye baiskeli zilizovunjika fremu, bapa kabisa, ila lazima matundu yalingane na kitovu chako. Kama spoku zako zina urefu unaokubali ringi hiyo nitazitumia hizo hizo, na mjomba atadaiwa ringi na kazi tu. Nitamsubiri hadi kahawa iuzwe. Namba ya mnyororo nayo imekuokoa: nunua mpya sasa, kabla meno hayajafuata.

MpandaMuyenga amejibu:

Mwalimu, nina helmeti mpya ya EN 1078 niliyoletewa na dada yangu, ni ndogo kwa kichwa changu. Nipimie mzunguko wa kichwa chako, juu ya nyusi. Ikikutosha nitaituma kwa basi hadi Mbale, kwa fundi, nawe ulipe nauli ya kifurushi tu. Hiyo pesa ya kofia iende kwenye matairi mazuri.

MwalimuSebei amejibu:

Ndugu, Mungu akuzidishie. Sentimita 57.

Fundi, matundu ni 36. Mwalimu wa hesabu amehesabu. Nakuja Jumamosi na taksi ya kwanza.